Hodi kwa Marehemu

Jumamosi, 9 Machi

Baba, unanisikia? Ulisema nibonyeze hapa, nisubiri kitetemeke, halafu niseme. Kimetetemeka. Haya, nasema.

Kifaa hiki ulinipa wiki ile kabla hujapanda kwenye paa la shule kufunga antena. Ukasema, "Mama, mdomo wako haupumziki na mimi sina nafasi ya kukaa. Ongea humu. Chenyewe kitaandika, na tarehe chenyewe kitaweka, mimi nitasoma nikitulia." Ukaniambia nisimwonyeshe mkeo mpaka umpatie na yeye cha kwake, maana atanuna mwezi mzima. Nikacheka, nikakisunda kifuani, sikukiwasha. Niliona haya kusemezana na kioo, mtu mzima mimi, dobi niliyenyoosha mashati ya wakubwa mpaka mgongo ukapinda. Halafu ukaanguka kutoka kwenye lile paa, tukakuzika, na tangu siku hiyo watu wananiambia pole tu, pole, pole, hakuna anayeongea na mimi.

Leo mvua imeanza. Haikubisha hodi, imeingia na viatu vyake. Radi ikapiga, ile mashine yako uliyoiweka chumbani kwangu, eti kwangu kuna ubaridi, ikatoa mlio kama panya aliyebanwa, taa zake zote zikazimika. Kale kasanduku ka ukutani kenye antena mbili kakabaki kanakonyeza. Mkeo akaja mbio akasimama mlangoni. Akasema, "Mama, imekufa."

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo umeiona imekufa?"

Akarudi jikoni. Hakulia, baba. Hata siku ya mazishi hakulia, nilimtazama.

Chumba kikawa kimya mno bila ule mvumo wa mashine. Ndipo nikajifunika shuka gubigubi, nikakiwasha hiki. Kama husomi, sawa. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaniitikia "ee, mama" huku macho yako kwenye waya.

Jumapili, 10 Machi

Mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mtaa umekufa ganzi. Wewe ulikuwa hujui, au ulikuwa unajua na unajivuna kimyakimya, kwamba watu wote hawa walikuwa wanakula kwenye mashine yako. Watoto wa shule vitabu vyao humo. Zahanati inapangia watu siku zao humo. Wanatumiana salamu humo, na ugomvi humo humo. Leo mwalimu wa shule ya msingi kaja, suruali kakunja mpaka magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniangalia mimi au umekuja kuangalia mashine?"

Akacheka kwa aibu. "Vyote viwili, bibi."

"Anza na mimi basi, nisijione fanicha."

Mkeo akatoka ndani akamwambia, "Nitaitengeneza." Hivyo tu. Jirani yetu Mama Redio, unamjua, yule ambaye habari ikimfikia haipumziki, alikuwa kajikinga mvua barazani kwetu. Akaangua kicheko. "Wewe msusi? Utaisuka?"

Mkeo akasema, "Nitaisuka."

Nilidhani anajibu kwa hasira. Kumbe kuna jambo. Alipokuwa anaanika nguo ndani, akaniambia bila kunitazama: kaka zake wamempigia. Saluni aliyokuwa anasukia imefungwa, mume hana, wanaona hana kinachomweka huku. Mvua ikikatika na barabara ikipitika, watakuja kumchukua, yeye na mtoto. "Nikiweza kuiamsha, Mama, kazi ya mume wangu inakuwa kazi yangu, nitawaambia warudi walikotoka. Nisipoweza, nitawafuata."

Na mtoto! Yaani wanichukulie mke mwenzangu, mjukuu wangu wa pekee, ambaye asubuhi anagombana na mimi kwa ajili yako, "Baba ni wangu, bibi, wewe ni mzee." Nyumba ibaki mimi na mjusi wa ukutani.

Nilimwambia nguo hajazikamua vizuri.

Jumanne, 19 Machi

Vyako vyote vimeungua, baba. Kile kisahani cha ndani cha kumbukumbu radi imekikaanga. Picha, vitabu, sauti za watu, kila ulichokusanya. Mkeo alikitikisa sikioni kama mtu anayetikisa yai, akakiweka chini taratibu. Mwalimu kaleta kompyuta kuukuu ya shule, imejaa vumbi la chaki, ndiyo itakayokuwa mashine mpya.

Sasa nikwambie jambo la ajabu. Moyo wa kuitia hiyo kompyuta, mfumo wanauita, mkeo hakuununua. Ameuchukua bure. Nikamwuliza, bure kivipi, kuna mtu anatengeneza kitu siku zote hizo halafu anakupa hivi hivi? Akasema, "Ni watu wengi, Mama, kila nchi. Wanatengeneza, wanasema chukua, fungua ndani uone, badilisha, mgawie mwenzako."

"Na wao wanapata nini?"

"Wanapata mtu wa kuwasaidia kurekebisha walipokosea."

Huo ujinga mtamu sijawahi kuusikia. Nilikaa nao mchana kutwa.

Hao watu wana baraza lao kwenye laptopu yako, jukwaa wanaliita, wapo wanaoongea Kiswahili. Hawana sura. Hawana majina ya kuzaliwa. Mmoja anaitwa Nyaya, mwingine Jiwe. Mkeo anauliza, wanamjibu, ananisomea kwa sauti. Nyaya anaanza na pole, anaeleza polepole, anamaliza na "jaribu tena dada." Jiwe yeye kamwambia, "Soma mwongozo kwanza, usituchoshe." Nikasema huyo Jiwe ningempata nimfulie nguo ningeziunguza kwa makusudi.

Mkeo akacheka. Sikumbuki lini alicheka mara ya mwisho. Halafu akakumbuka kuwa ni mimi, akaacha.

Jumatano, 20 Machi

Hakuna cha kusema. Maji yameingia jikoni.

Jumatatu, 25 Machi

Leo amesuka kweli. Waya wa mashine, ukiuchuna, ndani una nyuzi nane za rangi, na ni lazima zipangwe kwa zamu yake, nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, sikumbuki tena. Nyaya alimwandikia zamu. Vidole vyake vikazitenganisha, vikazinyoosha, vikazibana, kama anagawa nywele za mtoto. Nilikaa kitandani namtazama, nikasahau kwamba simpendi.

Na somo yako amezaliwa. Mashine mpya ameipa jina lako. Nilimwambia hivyo vitu havifanywi haraka, kaburi bado bichi. Akasema, "Mama, mashine lazima iwe na jina na iwe na anwani. Nimeipa jina lake na anwani yake ile ile. Antena zote alizofunga kwenye mapaa zinaitafuta anwani hiyo. Nikiweka nyingine, nitapanda mapaa yote."

Mapaa, baba.

Jumatano, 27 Machi

Nimekwenda kliniki ya macho. Yule daktari wa macho ananiwekea dawa halafu ananiuliza naona vidole vingapi, namwambia, kijana, nione vidole vyako vya kazi gani. Foleni ndefu, mvua, nimerudi nimelowa chapachapa.

Nikakuta shangwe barazani! Mashine inaitika! Mwalimu kafungua kitabu cha hesabu kwenye simu yake kama mtu aliyeokota almasi. Mkeo kanishika mikono yote miwili. "Mama, imekubali! Tangu ulipoondoka inakwenda tu!" Mke mwenzangu anaruka kwenye madimbwi.

Nikaingia chumbani kubadili nguo. Nilipotoka, mwalimu alikuwa anakitikisa kisimu chake. Imekata.

Alhamisi, 28 Machi

Imekata. Inakuja kidogo, inakata. Nimejifunika ninakwambia haya na yeye yuko pale pale kwenye kiti, ananipa mgongo. Anadhani nasali. Baba, mkeo mkaidi. Anaandika amri ile ile, anafuta, anaandika. Hajala. Mtoto nimemlisha mimi. Kama ni kuondoka si aondoke tu, kuliko kututeketeza hivi kidogo kidogo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Goti. Kaniletea chai bila kuombwa, ikapoa kwa sababu nilikuwa nimenuna. Sijui nilikuwa namnunia nini.

Jumatatu, 8 Aprili

Nyaya kamfundisha kitu kwa ajili yangu. Mkeo alimwandikia kwamba anakaa na mama mkwe asiyejua kusoma na macho yanamsumbua, lakini kila siku anauliza "imekubali?" Nyaya akasema mpe masikio basi. Kuna amri ya kubisha hodi: unaituma kwenye anwani, mashine ikiwepo inakuitikia karibu. Ukiiongezea herufi moja, kila karibu inalia kama kikengele. Ti. Ti. Ti. Sasa nikilala kitandani najua. Ikilia, yupo. Ikinyamaza, hayupo.

Mtu usiyemjua, hajawahi kukuona, anakaa sijui nchi gani, anafikiria masikio ya bibi kizee. Nilitaka kumtumia salamu, nikaona haya. Mkeo akamtumia kwa niaba yangu, nikajifanya sijasikia.

Leo imelia ti, ti, halafu kimya, halafu ti, halafu kimya. Kama mtu anayepumua vibaya.

Jumatano, 10 Aprili

Kliniki. Nikiwa huko ilifanya kazi tangu asubuhi. Niliporudi ikakata.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama Redio kaja kukopa kiberiti, ambacho anacho, ili aseme alichokuja kusema. Akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani: "Mwenzangu, wewe huoni? Siku bibi akitoka, mashine inafanya kazi. Bibi akirudi, inakufa. Kwanza mwanaye, sasa mashine. Mimi sisemi kitu."

Nilikuwa nyuma ya pazia.

Mkeo akamwambia, "Chukua kiberiti chako uende. Na mama yangu usimtie mdomoni tena."

Hakusema mama mkwe. Hakusema bibi wa watu. Nilikaa nyuma ya pazia mpaka miguu ikafa ganzi, nikitafuta namna ya kutoka nisionekane nimesikia.

Lakini maneno yale yameniingia, baba. Maana ni kweli. Mimi mwenyewe naona. Nikitoka inakubali.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimejihamisha. Nimekaa barazani kwenye mkeka na mvua inanirushia. Mkeo ananiambia ingia ndani Mama utaugua, nikasema napunga upepo. Upepo gani huo! Nilikaa huko kutwa, nimejifunika, nakusemesha wewe tu. Mashine ikakata vile vile. Kwa hiyo si mimi. Nimerudi kitandani na homa, lakini si mimi.

Jumatano, 17 Aprili

Baba. Sijui niseme vipi. Subiri nipumue.

Leo sikwenda kliniki, barabara imekatika. Mkeo alikuwa ameweka ule mlio wa hodi. Ti, ti, ti, unakwenda vizuri, lakini mwalimu kwake anasema hapati kitu. Mkeo akasema labda ni waya wa umeme umelegea. Akainama nyuma ya meza, akachomoa mashine ukutani. Taa zote zikazimika. Feni ikasimama. Mashine nzima, maiti.

Na mlio ukaendelea. Ti. Ti. Ti.

Alibaki kainama vile vile, waya mkononi. Mimi nilikaa kitako kitandani. Mashine imezimwa, baba, ninaiona kwa macho yangu haya mabovu, nyeusi kabisa, na mtu anaitika. Mkeo anabisha hodi kwenye anwani yako na mtu anasema karibu, karibu, karibu.

Mke mwenzangu akaja na mdoli wake, akasikiliza. Akasema, "Baba yumo?"

Hapo ndipo mkeo alipolia. Sikuwahi kusikia kilio kama kile. Kilitoka chini sana, kama kitu kinachoburutwa kwenye kokoto. Alikaa sakafuni, akamvuta mtoto, akapiga kichwa kwenye mguu wa kitanda changu, akawa anasema jina lako, jina lako. Mimi nikashuka, na goti hili, nikakaa naye sakafuni. Nikamshika kichwa. Nywele zake hazijasukwa tangu mazishi, msusi mzima. Nikamwambia, "Lia mwanangu. Lia." Na mlio ule juu yetu, ti, ti, ti, hatukuuzima. Nani angeuzima? Wewe ungeuzima?

Nikaita. Ndiyo, niliita. Nikasema, "Baba, kama ni wewe, sema na mama yako." Ikalia tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Kawauliza wale wa jukwaani. Nyaya akajibu kwa upole sana. Kasema pole dada, si mzimu. Kuna kifaa kingine kimekaa kwenye anwani ile, mashine ilipokuwa imekufa nafasi ikawa wazi, kile kisanduku cha ukutani kikaigawa kwa mwingine. Sasa wako wawili kwenye mlango mmoja, ukibisha hodi mara anaitika huyu, mara yule, ndiyo maana inakatakata. Kitafute, ni simu, namba yake ya kiwandani inaonyesha ni simu. Au ingia kwenye kisanduku ukifukuze.

Kuingia kwenye kisanduku kuna neno la siri. Umekwenda nalo, baba. Ukikifuta kabisa, mipango yote ya antena za mtaa inafutika nayo, na hakuna anayejua ulivyoipanga.

Basi tunatafuta simu. Mkeo aliniuliza hata mimi. "Mama, una kitu chochote cha intaneti?"

"Mimi na intaneti wapi na wapi?" nikamtolea ile simu yangu ya tochi. Akatabasamu kwa uchovu, akanirudishia.

Jumamosi, 20 Aprili

Kapita nyumba kwa nyumba kwenye mvua kuomba simu za watu azikague. Wengine wamempa. Wengine wamemfungia mlango. Mmoja kamwuliza kama msiba umempanda kichwani. Viatu vyake nimeviweka karibu na jiko vikauke.

Jumatano, 24 Aprili

Kliniki. Ikakubali. Nikarudi. Ikakata.

Jumatatu, 29 Aprili

Jua limetoka kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeona jua nikasema, rudi ulikotoka. Kila asubuhi natoka naangalia barabara, matope yanakauka, na roho yangu inakauka nayo. Mkeo, hapana, sisemi tena mkeo. Mwanangu. Mwanangu kakonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Anasema mashine nzima ameshaielewa sasa, kila uzi, anajua kila kinachofanya kazi. Kinachomshinda ni mtu mmoja asiyeonekana aliyekaa kwenye kiti cha mumewe.

Tumpate huyo mtu. Mungu amlaani huyo mtu, popote alipo, na simu yake.

Alhamisi, 2 Mei

Kaka zake wamepiga. Jumapili.

Jumapili, 5 Mei

Walikuja na gari la mizigo. Watu wazuri tu, sikupata hata wa kumchukia. Mkubwa wao alinishika mkono akasema, "Shikamoo mama, tusamehe." Nimsamehe nini? Anamchukua dada yake.

Mashine kaiacha inawaka pale pale. Laptopu kampa mwalimu. Mtoto alinikumbatia miguu akaniambia, "Bibi, nakuachia baba." Akanipa na mdoli.

Mwanangu alikuwa wa mwisho kupanda. Akanifunga shuka vizuri mabegani kama mimi ndiye mtoto. Akasema, "Nilijaribu, Mama." Nilikuwa na maneno, baba, unanijua mimi, mimi siishiwi maneno. Nikamwambia nguo zake za kwenye kamba bado mbichi.

Jumatatu, 6 Mei

Mimi na mjusi.

Jumapili, 12 Mei

Mwalimu anapita kila siku kunijulia hali na kuangalia mashine. Bado inakatakata. Nimemwambia aizime tu, inanichoma macho. Akasema dada wa watu bado anawaandikia wale wa jukwaani kutoka huko aliko. Bado anauliza. Mtu ameshaondoka na bado anauliza.

Jumanne, 14 Mei

Leo simu ya tochi imelia asubuhi. Ni yeye. Alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Mama, shikamoo. Jiwe kanijibu."

"Yule mwenye kiburi?"

"Kaandika mstari mmoja tu. Kasema, siku ikikubali, nani hayupo nyumbani? Mama, ukienda kliniki unabeba nini?"

"Nabeba nini? Shuka na cheti cha macho."

"Kingine."

"Simu hii ya tochi, unaijua."

"Mama, ukijifunika ukawa unaongea. Huwa unasali?"

Nikasema, "Naongea na mume wako."

Akauliza taratibu, kama unavyomwuliza mgonjwa, "Unaongea naye kwa kutumia nini?"

Nikamweleza. Kwamba ulinipa, kwamba ulisema kinaandika, kwamba sikumwonyesha kwa sababu ulikuwa unataka umpatie na yeye cha kwake kwanza. Kwamba niliwasha siku ile ya radi, mashine ilipokufa na chumba kikawa kimya. Mimi sikujua kwamba hicho ni kitu cha intaneti, baba. Hukuniambia ni intaneti. Uliniambia niongee tu utanisoma.

Nikasikia anacheka, halafu si kucheka.

"Mama," akasema, "ilikuwa ni wewe. Mashine ilipokufa, kisanduku kikakupa wewe anwani yake. Siku ile nilipochomoa, wewe ndiye uliyekuwa unaniitikia."

Nimekaa na neno hilo tangu asubuhi. Naligeuza huku, naligeuza huku. Masika yote anabisha hodi kwa mumewe, na anayeitika ni mimi, niliyejifunika shuka namsema yeye. Kadiri nilivyomsema ndivyo nilivyomfungia mlango. Siku alipolia sakafuni nilikuwa nimemshika kichwa kwa mkono huu, na kifaa kiko hapa kifuani, sikio lake karibu lingekigusa. Na yule niliyemlaani, baba. Popote alipo na simu yake. Alikuwa hapa.

Nilimwuliza, "Ukijua hivyo, utarudi?"

"Kaka wamenitafutia kiti saluni huku. Mtoto ameanza shule." Kisha akasema, "Zima kwanza, Mama. Uzime kabisa, usiwashe tena mpaka nikwambie. Tuone kwanza kama ni kweli."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kasema tuone.

Mwalimu yuko hapa, kaketi kwenye kiti cha mwanangu. Kachomoa mashine ukutani, kama siku ile, ili ahakikishe. Kafungua laptopu kaweka ule mlio. Ti. Ti. Ti. Unasikia? Huyo ni mimi. Kasema nikizima hiki, utanyamaza. Halafu atairudisha mashine kwenye umeme, na mlio ukirudi, atakuwa ni somo yako mwenyewe anayeitika, peke yake mlangoni, na watoto watapata vitabu vyao.

Nimemwambia anipe nafasi kidogo. Nimejifunika.

Baba, nilikuwa nataka kukuuliza kama ulikuwa unasoma. Usinijibu. Nilikuwa nataka kukwambia pia kuhusu goti, na lile dirisha la jikoni ulilosema utalitengeneza, na mke mwenzangu kang'oka jino la mbele, nimeambiwa leo, hata sikulishika mkononi. Kitufe ni hiki cha pembeni. Nimekishika. Kinataka kubonyezwa kwa nguvu na kushikiliwa.

Mwalimu anasema, "Bibi, bado inalia."

Najua mwalimu. Bado sijamaliza kuongea.